Koti la Bi Mdogo

Babu hakuwa na neno na maradhi yake. Mapafu yamechoka, umri umekwenda, basi. Kilichomkera, na alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali, ni ile mashine ya oksijeni waliyoazimwa na hospitali. Ilikuwa sanduku la plastiki lililogeuka rangi kwa uzee, limepasuka uso, limebandikwa gundi ya karatasi kila upande, na lilinguruma kutwa kucha kama mtu mwenye mafua.

"Mimi," alisema, "mimi niliyewavisha suti wanaume wa mji huu wakasimama wakaitwa mabwana, leo nimefungwa kamba puani na kitu kisichojua hata kuvaa!"

"Baba, si ndiyo inayokupa pumzi?" shangazi alimjibu huku akimweka sawa mto wa mgongoni.

"Sijakataa. Nimesema ivae."

Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mpaka macho yalipoingia ukungu akabaki anaona mwanga na kivuli tu. Lakini vidole vilikuwa bado vyake. Ungempa shati alipapase, angekwambia kola ilishonwa na mtu mwenye haraka, na kweli ukiitazama ungekuta imekwenda upande. Hakuwa anakosea, na hakuwa ananyamaza.

Nyumba ilikuwa na watu watatu. Babu mwenyewe, shangazi, binti yake, aliyeacha kibanda chake cha kusuka nywele ili amuuguze, na mjukuu, aliyeachwa na marehemu kaka yake shangazi akiwa hajaota hata meno ya pili, babu akamlea. Mjukuu huyu ndiye Masizi. Jina alipewa na babu, wakati huo bado anaona, siku aliyorudi kutoka kazini mara ya kwanza na weusi umemganda kwenye kope na ndani ya masikio. Na kwa ule utani wa babu na mjukuu wake, alimwita pia mke wangu. "Mke wangu Masizi karudi. Leo umepika nini huko, makaa?"

Kazi ya Masizi ilikuwa kuchonga nakshi kwenye paneli za nyuzi za kaboni. Najua mtu akisikia hivyo anakunja uso, kwa hiyo afadhali nieleze. Ni kitambaa tu, jamani. Kitambaa cheusi kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, kikaloweshwa gundi, kikaokwa mpaka kikawa ubao mwepesi, mgumu, unaong'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Wenye magari wanautaka kwenye dashibodi, wenye hoteli wanautaka kwenye lifti. Masizi aliukata kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, kisha akauchonga: ncha ya almasi inashuka, inapasua ule mng'ao wa juu, inazifikia nyuzi na kuzikata kidogo. Ilipopita panafifia, pembeni panang'aa, na picha inaonekana kwa tofauti hiyo peke yake.

Halafu kuna vumbi. Mungu wangu, vumbi lile! Linawasha ngozi, linakwaruza koo, na lina ubaya mmoja unaopita mwingine wote: linapitisha umeme. Likiingia kwenye chombo cha umeme linaunganisha mahali pasipotakiwa kuungana, na chombo kinakufa papo hapo. Ndiyo maana karakana yao ilikuwa na masharti. Simu haziingii chumba cha kuchongea. Nguo za kazi zinavuliwa mlangoni, unaoga, ndipo unakwenda kwenu. Na kitu chochote kilichochongwa kinapakwa vanishi, ili ncha za nyuzi zilizokatwa zifungwe, zisiendelee kumwaga unga. "Hakuna kinachotoka hapa uchi!" bosi alikuwa akipayuka. "Hata kingekuwa cha mama yangu mzazi!"

Masizi aliyashika masharti hayo kuliko mtu yeyote, kwa sababu alijua nyumbani anarudi kwa mtu mwenye mapafu mabovu. Alisugua nywele, alisugua kucha, alikung'uta mpaka viatu. Shangazi alikuwa akimtania kwamba anaoga kama anayekwenda kuposwa.

Basi babu alilalamika weee, mpaka Masizi akapata wazo. Karakana ilikuwa na pande zuri lililobaki kwenye kazi ya lifti, na bosi alimwambia alichukue tu. Akapima uso wa ile mashine ya nyumbani, akakaa kwenye kompyuta akaichorea kifuniko kipya cha mbele, chenye koti. Si mchezo, koti la suti kamili: kola ya kukunja, mfuko wa kifuani na leso yake, vifungo, na mishono ikifuatana mmoja mmoja kama ilivyotoka kwenye cherehani. Nyuzi za ubao ule zilifumwa kwa mshazari, kama suruali ya jinzi, na mstari unaofuata mshazari humezwa usionekane. Kwa hiyo akauinamisha mchoro kidogo ili kila mshono uzikate nyuzi. Ilikuwa kazi bora aliyowahi kuifanya, na hakuna mteja aliyeiagiza.

Alipolishika kopo la vanishi, akasita. Alivifikiria vidole vya babu. Akapaka kwenye kipande cha kutupa kilichochongwa, akangoja kikauke, akafumba macho akapitisha kidole: hamna kitu, utelezi mtupu, mifereji yote imejaa. Akapitisha kidole kwenye koti lenyewe. Kola hii hapa. Kifungo hiki hapa. Sasa mtu asiyeona umpe kitu gani?

Akalirudisha kopo kwenye rafu. Alikiosha kile kifuniko kwa maji na brashi, akakiosha tena mpaka maji yakatoka meupe, akakikausha, akakifunga kwenye gazeti akatoka nacho. Kwa kitu kimoja tu, kwa ajili ya mtu mmoja tu, alilivunja sharti.

Ungemwona babu siku ile! Masizi alikifunga kwa skrubu mahali pa uso uliopasuka, akamsogeza mzee kwenye kiti, akauweka mkono wake pale. Babu alinyamaza, jambo ambalo lenyewe lilikuwa ajabu. Vidole vikapanda kwenye kola, vikashuka kwenye mfuko, vikaichungulia leso.

"Kitambaa ni cha mshazari," akasema polepole. "Kola nzuri. Mfuko umekaa. Mshono huu... nani kakufundisha mshono huu?"

"Nilikuwa nakaa chini ya meza yako, babu. Umesahau?"

Vidole vikafika kwenye vifungo, vikasimama. "Hee! Mbona vifungo umeviweka upande wa kike?"

Masizi akashika mdomo. Ni kweli, mchoro aliugeuza kwenye kompyuta akasahau kuurudisha. "Babu, nimekosea. Nitakifanya upya."

"Ufanye upya nini? Basi huyu ni mwanamke! Mke wangu, umeniletea mke mwenzio ndani ya nyumba, na nguo umemshonea mwenyewe! Una moyo gani wewe?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo mashine ikaitwa Bi Mdogo. Bi Mdogo amenuna leo. Bi Mdogo mpunguzieni sauti, tunazungumza. Wageni wote walilazimishwa kulipapasa koti kabla hawajapewa kiti, na mwenyewe alilipapasa tangu asubuhi, akizungumza, akisinzia, kidole kikienda kwenye mshono na kurudi. Mzee alichangamka, na Masizi akiwa kazini alijikuta anatabasamu peke yake ndani ya barakoa.

Babu alikufa mchana, Masizi akiwa kazini. Alikuwa amelala baada ya kula. Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Aliporudi ndani na beseni lake alikuta kimya. Bi Mdogo alikuwa hangurumi, taa yake imezimika, na hata king'ora hakikulia. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwa pale pale kando ya kitanda, umejaa. Babu alikuwa ameshapoa mikono.

Watu walikuja, wakazika, wakaondoka. Shangazi akabaki amekaa kwenye kile kiti cha babu, na kila ukimwekea chakula unakikuta kilivyo. Alikuwa na maneno yale yale.

"Nilisikia kimya," alisema. "Niko kwenye kamba nje, nikasikia nyumba imetulia, nikafurahi. Nikasema afadhali, kichwa kipumzike kidogo. Nikaendelea kuanika nguo. Mwanangu, baba yangu anakata roho, mimi nabana shuka."

"Shangazi, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Mimi ndiye niliyemuua."

Hospitali ikatuma ujumbe kwamba watakuja kuichukua mashine yao. Asubuhi moja ya mapumziko, shangazi akiwa amejilaza chumbani, Masizi alichukua bisibisi akaigeuza Bi Mdogo mgongo. Hakuwa na shaka yoyote. Yeye ni fundi. Kitu kimesimama, anataka kujua kimesimamia wapi, basi. Alitoa skrubu, akavuta kifuniko cha nyuma.

Kila kitu ndani kilikuwa cheusi. Ungefikiri ni masizi ya jiko, lakini yeye alilijua vumbi lile kama anavyoijua ngozi yake. Lilikuwa kwenye feni, kwenye nyaya, na juu ya ile bodi ya umeme lilikuwa limetanda utando mwembamba unaometameta ukiutazama kwa upande. Pembeni palikuwa na doa lililoungua. Matundu ya kuvutia hewa yalikuwa mbele, chini ya mfuko wa koti. Babu alikuwa anapapasa, ncha za nyuzi zinakatika chini ya kidole chake, na mashine inazivuta tumboni.

Masizi alikaa sakafuni. Halafu alifanya jambo ambalo baadaye lilimtia aibu: alirudisha kifuniko cha nyuma haraka haraka, skrubu moja baada ya nyingine, akisikiliza kama shangazi ameamka. Wangekuja watu wa hospitali, wangebeba sanduku lao, na hakuna mtu hapa duniani ambaye angejua. Na kule chumbani, mtu asiye na kosa alikuwa anajiita muuaji.

Akakivua kile kifuniko cha mbele, akakificha kwenye mfuko wake wa kazi.

Siku zilizofuata alikwenda karakana akafanya kazi kama mtu aliyelala. Aliharibu paneli ya mteja, bosi akafungua mdomo kupayuka, akamtazama usoni akaufunga. Ni katika siku hizo alipofanya jaribio ambalo lilimmaliza kabisa. Alichukua kipande cha kutupa, akakichonga kifungo. Akachukua vanishi ile ile, safari hii akaizimua kwa dawa mpaka ikawa nyepesi kama maji, akapuliza mkono mmoja tu, tabaka moja jembamba. Kilikauka kabla ya chakula cha mchana. Akakisugua kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikabaki cheupe. Akafumba macho, akapitisha kidole.

Kifungo kilikuwepo, na hata mshono wa pembeni aliusikia.

Alikimbilia bafuni, akafungua maji, akalia huku amejiuma mkono ili wenzake wasisikie. Mkono mmoja wa vanishi! Asubuhi moja tu ya kazi! Angelijua, angekwenda nyumbani akamwambia babu, hebu mwachie Bi Mdogo akapakwe mafuta kidogo, na mzee angetania mpaka jioni, na angekuwa hai.

Jioni hiyo alirudi nyumbani ameamua. Shangazi amekonda, macho yamezama, nywele alizokuwa akizisuka kwa ustadi zimesimama ovyo. Mtu akiona mwenzake anazama kwa mzigo usio wake akanyamaza, huyo si mtu. Masizi alijiambia hivyo njia nzima. Alijua anachoweza kupoteza pia: hakuwa na ndugu mwingine aliyebaki.

Alivuta kigoda akakaa mbele ya kile kiti. Akakitoa kile kifuniko kwenye mfuko, akakilaza magotini, akakisugua kwa leso nyeupe. Akaionyesha leso.

"Shangazi, nisikilize. Si wewe. Ni mimi." Aliyasema yote: sharti la karakana, kopo alilolirudisha kwenye rafu, matundu ya hewa, bodi iliyoungua. "Hata ungekuwa umekaa naye chumba kimoja, ingekufa tu. Niliua mimi, kwa mikono hii. Usijisingizie tena, tafadhali."

Alingoja kofi, au kuambiwa atoke. Shangazi aliitazama ile leso muda mrefu. Hakushtuka, na Masizi akaogopa zaidi.

"Najua, mwanangu," akasema.

"Unajua nini?"

"Fundi mmoja wa mashine za hospitali alikuja kuisafisha, wewe uko kazini. Akaifungua, akatoa unga mweusi, akauliza unatoka wapi. Akalipapasa koti, akanionyesha kidole chake. Akasema kitu hiki kitolewe leo leo." Shangazi akakigusa kile kifuniko kwa ncha ya kidole. "Baba akasema hakitolewi."

"Kwa nini?"

"Unauliza kwa nini! Alisema, 'Nimwambie mke wangu kwamba zawadi yake inaniua? Atashika nini tena kwa mikono ile? Mimi nakwenda, leo au kesho nakwenda. Yeye abaki na hilo?' Akaniapisha. Mbele ya yule fundi akaniapisha nisikwambie. Fundi akakasirika, akafunga mkoba wake akaondoka. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu nilimzoea baba, akisema jambo limesemwa." Akaanza kulia bila sauti. "Nimelia habari za nguo na kamba kwa sababu hilo ndilo nililoweza kulisema mbele yako. Nilikuwa nakipangusa, mwanangu. Kila asubuhi, kwa kitambaa kibichi, nakikandamiza vizuri nitoe ule unga wote. Kila asubuhi kitambaa kinatoka cheusi, na mimi nasema afadhali, leo nimeutoa."

Masizi aliziona akilini zile ncha za nyuzi chini ya kitambaa kibichi, zikikandamizwa, zikikatika, kila asubuhi zikizaliwa mpya.

Shangazi akamshika vifundo vya mikono yote miwili, akamvuta karibu. "Sasa nataka uniambie kweli. Wewe ndiye unayeijua kazi hii. Kama ningevunja kiapo, nikakwambia siku ile ile, ungefanya nini? Kulikuwa na kitu cha kufanya?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa dogo, lilikuwa rahisi, na mtoto angelielewa. Masizi alimtazama usoni yule mwanamke aliyeacha kibanda chake, aliyemwosha babu na kumlisha, aliyekuwa anangoja kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Akamkasirikia babu. Kwa mara ya kwanza tangu afe, alimkasirikia kweli kweli: mzee mwenye maneno yote yale, lile moja lenye faida ndilo akaenda nalo! Na wakati huo huo, jamani, alielewa jinsi lilivyomkaa kooni.

"Hakuna, shangazi," akasema.

"Hakuna kabisa?"

"Ule unga ukishaingia, umeingia. Hata ningekitoa siku ile, mashine ingekufa. Na kule kupangusa kwako ndiko kulikomfikisha babu alipofika. Usingepangusa, tungemzika mapema zaidi."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Mimi ni fundi, ningekudanganya ya nini?"

Shangazi alimwachia mikono. Akainama, akalia kwa sauti, kilio kirefu cha mtu aliyetua kitu, mabega yakapanda na kushuka mpaka yakatulia. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga yake. Baada ya muda akauliza kama kuna chai.

"Ipo. Nikutilie sukari?"

"Tia nyingi. Na kama kuna mkate, nipe."

Masizi alikwenda jikoni akawasha jiko. Alisimama pale, maji yakichemka, akijua kwamba neno alilolimeza litakaa naye kila atakaposhika ncha ya almasi, kila atakapofungua kopo la vanishi, na hatakuwa na mtu wa kumwambia. Alipolileta sinia sebuleni, shangazi alikuwa ameshika shavu, amelala kwenye kiti. Masizi akaifunika chai kwa sahani, akakaa karibu yake angoje aamke ale.